Marehemu wa Mstari wa Tisa

Karani wa dirisha la tatu aliangalia kompyuta, akamwangalia mtu aliyesimama mbele yake, kisha akarudi kwenye kompyuta.

"Huyu amekufa," alisema.

"Nani?"

"Mwenye jina hili."

"Mwenye jina hilo ni mimi."

"Nakuona," alisema karani, bila ubaya wowote. "Lakini hapa umekufa. Miaka mitatu sasa. Vitani."

Foleni ilicheka. Mzee mmoja aliyechoka kusimama alisema kwa sauti, "Basi mhudumieni marehemu haraka, jua kali hili." Wakacheka tena, na Fundi Rangi naye akacheka, maana kununa kungeonekana vibaya. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na tano, mrefu, mwenye matone ya rangi nyeupe kwenye nywele ambayo hata mafuta ya taa yalishindwa kuyatoa. Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Jina lake lilikaa kwenye makaratasi, na sasa hata huko lilikuwa limezikwa.

"Nifanye nini?"

"Waliokutangaza kuwa umekufa waandike kwamba hujafa. Yaani jeshi." Karani akamsukumia kitambulisho chake cha zamani, kilichoisha muda tangu mwezi uliopita. "Anayefuata."

Alitoka nje akasimama ukutani penye kivuli. Alijua vizuri kwamba kompyuta haikukosea, wala jeshi halikukosea. Miaka minane nyuma mdogo wake, aliyeitwa Kitinda kwa kuwa ndiye mtoto wa mwisho, aliingia jeshini kwa vyeti vya kaka yake. Kitinda alikuwa ameacha shule kidato cha pili, na jeshi lilitaka waliomaliza. Akaandikishwa kwa jina la kaka, akafunzwa kwa jina la kaka, akaoa kwa jina la kaka, akapelekwa ng'ambo na kikosi chake. Huko akauawa kwenye mapigano ya kulinda daraja, katika nchi ambayo mpaka leo mama yao alikuwa hajaweza kuitamka sawasawa. Aliyekufa, kwa maandishi, alikuwa Fundi Rangi.

Haya yote yangeweza kuendelea kulala kama isingekuwa kazi ya hospitali. Mkandarasi mmoja alikuwa amepata kazi ya kupaka rangi wodi kumi na mbili, na alimtaka Fundi Rangi awe msimamizi wa mafundi wengine tisa. Kazi ya miezi saba, yenye mkataba. Alichotaka mkandarasi ni kitambulisho kilicho hai, kabla ya mwisho wa mwezi.

*

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili na kibaraza. Kwenye chumba cha mbele mama yake, Mama Dobi, alikuwa akipiga pasi juu ya meza iliyotandikwa blanketi la zamani. Mashati ya watu yalining'inia kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, kiasi kwamba aliyetaka kupita ilimbidi ainame kama anayeingia pangoni. Kibarazani alikaa Msusi, mjane wa Kitinda, anamalizia kichwa cha mteja. Mtoto wake, msichana wa miaka sita, alikuwa bado shuleni.

Fundi Rangi alingoja mteja aondoke. Kisha akasimulia mambo ya dirisha la tatu, akiyafanya ya kuchekesha. Alipofika kwa yule mzee wa foleni, hata mama yake alitabasamu kidogo.

"Kwa hiyo, shemeji," alimalizia, "kwa makaratasi wewe ni mjane wangu."

"Mjane gani asiyepikiwa hata chai na marehemu?" alisema Msusi, akacheka. Kisha akaacha kucheka, akaingia ndani akatoka na bahasha ya kaki. "Na hii imekuja leo asubuhi."

Ilikuwa barua kutoka kambini. Ukuta wa kumbukumbu ya mashujaa waliouawa ng'ambo ulikuwa umekamilika. Familia zilialikwa kwenye uzinduzi, Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Kila familia ingesimama jina la mtu wao litakaposomwa, na kuweka ua. Chini liliandikwa jina la shujaa, majina matatu kamili, na ombi kwamba wahakikishe herufi zake hazina makosa.

Fundi Rangi alilisoma jina lake mara mbili. Herufi hazikuwa na makosa.

"Mwezi huu lazima niende jeshini niwaambie," alisema.

"Uwaambie nini?"

"Ukweli. Kwamba mimi ni mzima."

Msusi aliketi kwenye kigoda chake, akakunja mikono. "Shemeji, tusidanganyane. Siku utakayofungua mdomo, pensheni inakatwa. Hiyo ndiyo inalipa kodi ya vyumba hivi, hiyo ndiyo ada ya mtoto. Kusuka kwangu ni sabuni na mboga. Na wakisema turudishe na ya nyuma, nitamuuza nani?"

"Na mimi nikae nimekufa mpaka lini?"

"Umekaa miaka mitatu. Ulipungukiwa nini?"

Lilikuwa swali la hasira, halikutaka jibu, lakini Fundi Rangi alilifikiria kwa makini kama mtu anayepima ukuta.

"Sikumzika mdogo wangu," alisema. "Mjomba alisema nikionekana pale kambini tutazua maneno. Mkapanda gari la jeshi, wewe na mama. Mimi nikaenda kupaka mlango wa duka la vifaa. Rangi ya kijani. Nilipaka mikono mitatu, rangi juu ya rangi, mwenye duka akaniambia, fundi, inatosha. Nikapaka wa nne."

Harufu ya kitambaa kilichoungua ilienea chumbani. Mama Dobi aliinua pasi haraka, lakini kola ya shati la mteja ilikuwa imeshapata alama ya kahawia. Akaitazama ile alama, asiifute, asiilowanishe.

"Mama," alisema Fundi Rangi, "sijawahi kukuuliza. Vyeti vyangu vilikuwa kwenye sanduku lako, na ufunguo unao wewe. Kitinda aliviiba, au alipewa?"

"Alipewa."

"Na nani?"

"Na mimi." Mama Dobi aliiweka pasi pembeni. "Ulikuwa umesafiri kikazi, mwezi mzima. Usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa. Alikuwa anashinda amelala, mdogo wako, unakumbuka? Mtoto wa kiume, saa sita mchana, amelala kaelekea ukutani. Nikasema nitakuambia ukirudi. Uliporudi ulikuwa umechoka. Kesho yake pia sikusema. Halafu ikawa aibu kusema."

Fundi Rangi alitikisa kichwa polepole. Hakusema amekasirika wala amesamehe. Aliinama chini ya mashati, akaenda nje kuosha brashi ambazo hazikuwa chafu.

*

Siku tatu baadaye Mama Dobi alivaa gauni lake la bluu, akalipiga pasi huku amelivaa nusu kwa jinsi alivyokuwa na haraka, akaenda kambini peke yake. Hakumuaga mtu. Getini askari kijana alimuuliza kama ana miadi.

"Nina mtoto aliyekufa," alisema Mama Dobi.

Akakalishwa kwenye benchi. Alikaa kutoka saa mbili hadi saa tano na nusu, mkoba mapajani, akiangalia magwanda ya wanaopita. Mengi yalipigwa pasi vibaya. Mikunjo miwili kwenye mkono mmoja. Hatimaye akaitwa kwenye ofisi ya kumbukumbu.

Kapteni wa kumbukumbu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alimkaribisha kiti, akamsikiliza maneno mawili matatu ya mwanzo, kisha akainua kiganja.

"Ngoja kwanza, mama. Kuna jambo mtu akiniambia kama mzazi, nalisikia na kulisahau. Jambo hilohilo akiniambia mbele ya karatasi, sina budi kufungua faili. Mimi nakuona unakoelekea. Karatasi niiweke mezani, au ibaki kwenye droo?"

Mama Dobi alifikiria. Ilikuwa rahisi sana kusema ibaki kwenye droo. Angerudi nyumbani, na hakuna ambaye angejua alikwenda.

"Iweke, afande."

Akaeleza. Sanduku, ufunguo, vyeti, Ijumaa ya usajili. Kapteni aliandika bila kuinua kichwa. Alipofika mwisho akauliza kwa nini amekuja leo, baada ya miaka yote hiyo. Je, ni kwa sababu ya kijana aliye hai?

"Ni yeye, na mimi pia," alisema Mama Dobi. "Afande, siku walipokuja kunipa habari, walikuja wawili na gari. Huyu mkubwa alikuwepo, anapaka fremu ya dirisha. Wakasema, mama, tunasikitika, mwanao ameuawa. Wakataja jina. Nikageuka kumtazama mwenye jina, huyo hapo, amesimama na brashi. Nilifurahi. Nikataka kuwaambia mmekosea nyumba, mwanangu si huyu hapa? Nilifurahi kiasi cha mtu kuhesabu moja, mbili, tatu. Mpaka nilipomwona yeye anakaa chini taratibu, brashi bado mkononi, ndipo nikakumbuka ni nani aliyekuwa na jina lile."

Kapteni aliacha kuandika.

"Tangu siku hiyo sijamlilia mtoto wangu. Msibani watu walisema nimepiga moyo konde. Si hivyo. Kila nikitaka kulia, naikumbuka ile furaha, machozi yanakauka. Na kaburini kwake wamemwandika mwingine. Nikienda nasimama mbele ya jina la mtu niliyemwacha nyumbani anakunywa chai. Nitalia vipi?"

Kapteni alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alipoongea tena aliongea kikazi. Pensheni husimamishwa mpaka uchunguzi uishe. Inaweza kurudi, inaweza isirudi. Aliyetoa vyeti anaweza kushtakiwa.

"Mimi peke yangu?"

"Wewe ndiye umesema ulitoa."

"Sawa." Mama Dobi akasogeza kiti mbele. "Lakini pale darajani alipigana kweli? Au nako kuna mtu mwingine?"

Kapteni alifungua faili nyembamba. "Imeandikwa alibaki na bunduki kubwa mpaka magari yote kumi na moja yalipovuka. La kumi na mbili lilikuwa la kwake."

"Na wale waliompiga waliuliza cheti?"

"Mama, mimi siulizi. Sheria ndiyo inauliza." Akamsogezea karatasi na kalamu. Mama Dobi aliandika jina lake herufi moja moja, akihakikisha kila moja imekaa sawa juu ya mstari. Kisha akauliza habari ya ukuta.

"Majina yameshachongwa," alisema Kapteni. "La kwenu ni la tisa kutoka juu."

*

Msusi alipata habari kwenye dirisha la benki. Mhudumu aliyemzoea, ambaye kila mwezi alimtania kuhusu nywele zake, safari hii aliangalia chini akasema malipo yamezuiwa, aulize kwa waajiri. Nyuma yake watu walikuwa wakisukumana. Alitembea hadi nyumbani kwa miguu.

"Nani kaenda?" aliuliza mlangoni, akimtazama shemeji yake.

"Nimekwenda mimi," alisema Mama Dobi.

Msusi alikuwa amejiandaa kumgombeza mwanaume. Kwa mama mkwe maneno yalimpotea. Alipoyapata yalitoka taratibu, na kwa hiyo yakauma zaidi. "Mama, umemfufua mmoja, umetuua wawili. Mimi na mjukuu wako. Ungeniambia tu. Ungesema, mwanangu, kesho naenda kukata riziki yako. Ningekaa nayo usiku mmoja."

"Ungenizuia."

"Ndiyo, ningekuzuia!"

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, alifunga nguo zake na za mtoto kwenye shuka mbili, akaenda kwa dada yake upande wa pili wa mji. Fundi Rangi alimbebea mzigo mpaka barabarani. Njiani mtoto alimuuliza baba yake mkubwa kama watu wakihama huwa wanachukua na daftari za shule.

"Wanachukua," alimjibu.

Na kazi ya hospitali nayo haikumngoja. Barua ya jeshi ilikuwa ipite ofisi nne kabla ya kumrudisha kwenye uhai, na mwisho wa mwezi ulifika ikiwa kwenye ofisi ya kwanza. Mkandarasi alisikitika kwa dhati, akampa usimamizi kijana ambaye Fundi Rangi mwenyewe alimfundisha kushika brashi. Fundi Rangi akaajiriwa kama kibarua wa kutwa, anayelipwa jioni bila kuandikwa popote. Kijana yule aliona haya kumwamuru, akawa anazunguka. "Fundi, samahani, sijui kama utaona vibaya, vile vyoo vya wodi ya nne..." Fundi Rangi alichukua ndoo akaenda kupaka vyoo vya wodi ya nne.

Mtaani habari zilienea, kama kawaida zikiwa na chumvi. Watu wakaanza kumwita Marehemu. "Marehemu, umeamkaje?" "Marehemu, huko ulikotoka kuna joto?" Mwanzoni alicheka nao. Kisha siku moja mwenye duka alipomwambia marehemu hakopeshwi, aliiacha sabuni kaunta akaondoka, na mwenye duka akamfuata nje kumwomba radhi, maana hakujua kama utani ule ulikuwa umefika mwisho.

*

Jumamosi ya uzinduzi Mama Dobi na mwanawe walifika mapema. Mlangoni askari mwenye orodha alipitisha kidole juu na chini, mara mbili.

"Hampo."

"Tulipata barua," alisema Fundi Rangi, akaionyesha.

"Ilikuwa ya kwanza hiyo. Orodha mpya hii." Aliwaangalia, akaona gauni la bluu lililonyooka, akapunguza sauti. "Simameni pale kwenye uzio. Mtaona vizuri tu."

Waliona vizuri. Ukuta ulikuwa mrefu, wa mawe ya kijivu, na majina yalichongwa ndani kwa herufi za kupendeza. Mstari wa tisa ulikuwa umefunikwa kwa utepe mpana wa karatasi, wa aina ileile ambayo mafundi rangi hutumia kuzuia rangi isiguse kioo. Fundi Rangi aliutambua mara moja. Aliona pia kwamba aliyeubandika alikuwa na haraka. Kona moja ilishaanza kufunguka.

Afisa alianza kusoma. Kwa kila jina familia ilisimama, ua likapelekwa, tarumbeta ikalia kidogo. La saba. La nane. Kisha akasoma la kumi. Hakusita hata kidogo, hakuna aliyeshtuka. Kwa asiyejua, orodha ilikuwa imekamilika. Mama Dobi alikuwa ameshika ua lake, la manjano. Aliposikia la kumi aliushusha mkono, akabaki amelishika vivyo hivyo mpaka wimbo wa mwisho.

Watu walipoanza kutawanyika, askari mmoja mwenye mkono wa kushoto usiokunjuka aliwafuata pale uzioni. Alimtazama Fundi Rangi usoni kwa muda mrefu, kwa namna isiyo ya adabu.

"Wewe ni kaka yake," alisema. "Mna taya moja. Na wewe ni mama yake, dobi."

"Umenijuaje?"

"Kule tulimwita Pasi. Hatukuwa na umeme wala nini, lakini alijaza makaa kwenye kopo la maziwa, akatunyooshea mashati kikosi kizima. Kamanda alikuwa anatukagua anashangaa. Ukimuuliza anasema, mama yangu akiniona na mikunjo hanikubali." Akacheka, kisha akamgeukia Fundi Rangi. "Na habari ya jina tuliijua. Mimi na mwingine mmoja, aliyekufa naye. Alituambia: 'Nikifa huku atakayezikwa ni kaka, mimi nitabaki hai mpaka uzeeni. Atakasirika sana.'"

Fundi Rangi alicheka, kicheko cha kweli kilichomtoka ghafla kama kikohozi, kisha ikambidi ashike nguzo ya uzio.

"Alisema hivyo akicheka?"

Aliyeuliza alikuwa Msusi. Alikuwa amekuja kivyake, na mtoto mkononi, na yeye akiwa ameambiwa hayupo kwenye orodha. Alisimama hatua chache nyuma muda wote bila kuwasogelea.

"Akicheka sana, shemeji," alisema yule askari. "Halafu akaniambia, 'Nikirudi nitamnunulia kaka ngazi ya bati, ile ya mbao itamuua kabla yangu.'"

Msusi aliwasogelea. Alichukua mkoba wa Mama Dobi, akautundika begani kwake, wakatoka getini wote wanne. Barabarani aliurudisha, akaaga, akaenda zake kwa dada yake.

*

Alirudi mwezi uliofuata. Hakurudi kwa sababu ya msamaha. Kwa dada yake walikuwa watu tisa kwenye chumba kimoja, na shule ya mtoto ilikuwa mbali. Mama Dobi alimpisha kitanda, yeye akalala chini, na kwa wiki kadhaa wanawake hao wawili waliongea kupitia kwa mtoto. "Mwambie bibi maji yamechemka." "Mwambie mama ahsante." Mpaka mtoto alipochoka, akasema, "Si mnasikiana?"

Uchunguzi ulichukua miezi kumi na minne. Mama Dobi aliitwa mara tano. Mara tatu alikaa kwenye benchi na kurudishwa, kwa kuwa mwenye faili hayupo. Mwishowe alipewa onyo la maandishi. Baraza la jeshi lilikubali kwamba aliyebaki darajani ndiye aliyestahili pensheni, awe na cheti au asiwe nacho; ikarudi, lakini ya miezi iliyopita haikulipwa. Fundi Rangi alipata kitambulisho. Karani wa dirisha la tatu alimpongeza kwa kufufuka. Hospitali ilikuwa imeshapakwa rangi yote.

Jambo moja lilikuwa limebaki. Kapteni alilieleza kwenye simu: taarifa ya kifo haisahihishwi. Ile ya zamani hufutwa, na mpya hutolewa, kwa utaratibu uleule.

Walikuja siku ya Jumanne, saa nane mchana, wawili, na gari. Aliyetangulia alikuwa kijana mpya kazini, na hakuna aliyemwambia kwamba kifo hiki kilikuwa cha miaka minne. Alifuata alichofundishwa. Alivua kofia mlangoni, akainama chini ya mashati.

"Mama, naomba ukae."

Mama Dobi alichomoa pasi, akakaa. Msusi aliingia kutoka kibarazani, kitana bado mkononi, akasimama nyuma ya kiti chake.

Kijana alifungua barua, akasoma kwamba jeshi linasikitika kumjulisha kuwa mwanawe ameuawa katika mapigano. Kisha akalitaja jina. Majina matatu kamili, kuanzia lile ambalo Mama Dobi mwenyewe alilichagua siku ya tatu baada ya kumzaa Kitinda, majina ambayo hakuna mtu aliyeyatamka yote tangu mwalimu wa kidato cha pili.

"Rudia," alisema.

Kijana akarudia. Sauti yake ilitetemeka kidogo, na hilo hawakumfundisha.

Mama Dobi alipiga ukelele. Alianguka kutoka kwenye kiti, Msusi akamdaka, wakaenda chini wote wawili na mashati matatu ya wateja juu yao. Mteja aliyekuwa amesukwa nusu kichwa alikimbilia mlangoni. Majirani wakatoka vyumbani, wengine na mikono ya unga. "Kuna nini? Nani kafa?"

"Kitinda!" alilia Mama Dobi. "Kitinda wangu kafa!"

Wote walimjua Kitinda, na wote walijua alikufa lini. Walitazamana. Kisha mama wa chumba cha jirani, mwanamke asiyependa maneno mengi, alivua kanga ya begani akajifunga kiunoni, akaketi sakafuni, akaanza kulia naye. Wengine wakafuata. Wanaume wakaenda kutafuta viti.

Fundi Rangi alirudi saa kumi na moja, akiwa na ovaroli na ndoo yake, akakuta nyumba imejaa na viti vimepangwa nje mpaka barabarani. Alisimama. Kutoka ndani alisikia sauti ya mama yake, ambayo hakuwahi kuisikia namna ile, ikiita jina la mdogo wake tena na tena. Aliweka ndoo chini, akaenda bombani, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko.

Mzee mmoja, mpangaji aliyehamia mtaani wiki iliyopita na asiyemjua mtu, alisogea kumpisha kwenye benchi.

"Poleni sana," alisema. "Wewe nani wa marehemu?"

"Kaka yake," alisema Fundi Rangi, akakaa.